Maji ya Mnunuzi

“Chokaa ya Fakihi haijawahi kurudishwa,” alisema Fakihi, akijitaja kwa jina kama watu wanavyowataja mawaziri na marehemu. “Nyumba zinaanguka, chokaa yangu inabaki imesimama peke yake. Waulize Kilwa Masoko. Waulize hata Kivinje, ingawa wale kumsifu mtu ni mpaka afe kwanza.”

Hakuna aliyekwenda kuwauliza. Watu waliojaa uani kwake asubuhi ile walikuja kutazama lori. Lilikuwa limeingia kinyumenyume kutoka barabara kuu ya Lindi, likauangusha ua wa makuti, likamtia wazimu mbuzi wa jirani, na sasa lilisimama mbele ya tanuu likingoja chokaa ya kwenda kiwanda cha chuma Dar es Salaam. Hapa Somanga malori hupita kutwa kucha, lakini hupita tu. Lori kusimama kwa ajili ya mtu, tena mtu mwenyewe awe Fakihi, ilikuwa habari ya kuachia chungu jikoni.

Mkewe, Shamimu, hakulitazama lori. Alikuwa akitazama majivu. Ndani ya majivu yale ilikuwamo mikorosho yake.

Yake kwelikweli, si ya nyumba. Aliachiwa na baba yake, na kila msimu ndiyo iliyovalisha watoto na kuezeka paa, huku Fakihi akipokea pongezi. Basi alipokuja Dominick, wakala wa kiwanda, akasema wanataka chokaa kila mwezi, alitoa na sharti. Wanunuzi wa nondo siku hizi wanauliza chuma kimepikwaje. Kiwanda sasa kinapika chuma kisichochafua dunia. Kwa hiyo mkoko usiguswe, na msitu wa serikali usiguswe.

“Sasa tuchomee nini, dua?” aliuliza Fakihi.

“Hilo mtajua wenyewe,” Dominick alijibu, akamvisha fulana nyeupe yenye jani la kijani kifuani na maneno CHUMA SAFI, DUNIA SAFI. Fakihi akaivaa siku hiyo, na kesho yake, na Ijumaa akaenda nayo msikitini, mpaka imamu akamwomba kwa upole asikae safu ya mbele, kwenye hotuba anajikuta akimsoma.

Wakajua wenyewe. Jioni moja Fakihi aliitazama mikorosho, kisha akamtazama mkewe, kisha akaitazama tena mikorosho. “Mizee ile,” alisema, kama mtu anayezungumzia mvua. “Haizai kitu.” Msimu uliopita mizee ile ilikuwa imemlipia mtoto wao daftari, viatu na nauli ya kidato cha tatu, lakini Shamimu hakusema. Alipiga hesabu ya chokaa ya kila mwezi, akaiona ndefu kuliko msimu wa korosho, akasema kateni. Alikaa ndani siku waliyokata. Shoka hata ukikaa ndani unalisikia.

Sasa chokaa ilikuwa imeiva. Mabonge meupe, makavu, mepesi, ukigonga yanalia kama vikombe vya kahawa. Na kwa kuwa imeiva, ilibaki jambo moja la heshima kabla haijavuka ua.

Chokaa ikitoka tanuuni bado ina moto ndani yake, hata ukiishika ikiwa baridi. Ukiipa jasho inakuunguza, ukiipa jicho inalichukua. Kwa hiyo wachomaji wa pande hizi hawamkabidhi mtu moto. Huizima kwanza kwa maji, ichemke, ipasuke, ilainike iwe unga, ndipo iondoke. Na ndoo ya kwanza ni ya mnunuzi. Humwaga kwa mkono wake, watu wakiona, na akishamwaga, chokaa ni yake. Mvua ikinyesha njiani ni mvua yake. Lori likipinduka limepindukia kwake. Watu huyaita maji ya mnunuzi, na hajawahi kutokea mtu wa kuyamwaga halafu akarudi kudai.

Fakihi alimletea Dominick ndoo, kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtoto.

“Shemeji, haya. Maji yako.”

Dominick alikuwa mtu wa Kipatimu kwa kuzaliwa na wa Dar kwa viatu. Aliitazama ndoo, akawatazama watu, na watu wakamtazama yeye. Kiwandani alikuwa mtu wa kusubiri kwenye benchi mpaka aitwe. Hapa ua mzima ulinyamaza kumngoja. Nyuma ya watu, mama yake mdogo Brigita, aliyeolewa Somanga miaka hiyo na anayeuza vitumbua kando ya barabara, aliweka chini beseni lake ili aone vizuri.

“Mnanipa heshima kubwa,” alisema Dominick.

Akamwaga.

Chokaa ikafoka. Ililia, ikapasuka, ikatema, mvuke ukapanda mweupe ukamfunika wakala mpaka kichwani, na Brigita akapiga vigelegele vilivyofika kituo cha mafuta. “Domi wangu! Mwanangu huyo! Nani alisema hatafika popote?” Watu wakacheka, Dominick akatoka kwenye mvuke akicheka naye, na vijana wa kupakia wakaendelea na ndoo nyingine mpaka tanuu zima likawa unga laini kama wa muhogo. Wakajaza magunia. Lori likaondoka kwa honi ndefu.

Shamimu akaokota makuti yaliyovunjika, akaanza kuusimamisha ua.

*

Lori lilirudi kabla wiki haijaisha, na magunia yote juu.

Dereva, kijana aliyeitwa Stephano, alishuka na uso wa mtu aliyetumwa na msiba usio wake. “Shikamoo mama. Nimeambiwa nishushe hapa.”

“Marahaba,” alisema Shamimu. “Ushushe nini?”

“Mzigo. Umekataliwa getini.”

“Una nini?”

“Kule wana kipimo chao. Wanachota chokaa wanaitia kwenye kikombe, wanaimwagia maji. Yenu wameimwagia maji, ikakaa kimya.”

“Sasa walitaka iimbe?”

Stephano alikuna kichwa. “Ndiyo mama. Walitaka iimbe. Ichemke, itoe moshi. Wanasema hii yenu imeshakufa.”

Magunia yakashushwa nje ya ua, kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila basi la Lindi na Mtwara liliweza kuyasoma. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeshatembea kijiji kizima na kurudi imenona. “Fakihi, mgeni wako karudi!” walipiga kelele vijana wa bodaboda, wale wale waliopakia magunia wakala wali wa Shamimu. “Mtandikie alale!” Fakihi aliingia ndani, akalala kuelekea ukutani, akasema ana homa. Homa yenyewe haikuwa na joto.

Shamimu alikwenda dukani kwa Saad. Haikuwa mara yake ya kwanza kukopa. Dukani pale watu wote hukopa na wote hulipa korosho zikiuzwa. Saad alikuwa na kibaba cha sukari mkononi, tayari amekijaza. Akakirudisha guniani.

“Dada Shamimu, usinielewe vibaya. Zamani nilikuwa natazama mikorosho yako kutoka hapa mlangoni, moyo unatulia. Sasa natazama visiki.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nitakupa, chokaa ikiondoka.”

Nyuma yake wanawake wawili walikuwa wakichagua dagaa kwa makini sana, kama ambao hawana masikio. Shamimu alirudi nyumbani akapika uji bila sukari, na watoto wakaunywa bila kuuliza, jambo lililomuuma kuliko kama wangeuliza.

Alimpigia Dominick. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena, ikaita ikakatwa. Mara ya tatu mwanamke wa kwenye mtandao akamwambia, kwa sauti tamu, kwamba mtu huyo hapatikani.

*

Alipatikana mwenyewe, siku iliyofuata, kwenye pikipiki ya kukodi. Aliyapita magunia kana kwamba ni mawe ya barabara, akaketi kwenye kiti bila kukaribishwa.

“Shemeji, pole. Biashara ndivyo ilivyo. Mzee yuko wapi?”

“Anaumwa.”

“Mwambie asijali. Mimi siwezi kuwatupa.” Akasogeza kiti karibu. “Hii chokaa kwa chuma haifai tena. Lakini kwa kupaka ukuta, kwa kujengea, siyo mbaya. Kuna mtu Masoko anajenga nyumba za wageni. Naweza kuichukua yote niwaondolee aibu hii barabarani.”

“Kwa bei ile?”

Dominick alicheka, cheko la mtu anayemhurumia mtoto. Akataja bei. Ilikuwa bei ya jogoo wachache, tena wakati kideri kinawaua.

“Dominick,” alisema Shamimu taratibu, “wewe ndiye uliyemwaga maji.”

“Nani?”

“Wewe.”

“Shemeji, tusianze hayo. Mmezima wenyewe chokaa yenu kwa mila zenu. Mimi ningejuaje mnazima? Chuma kinataka chokaa hai.”

“Ungejuaje? Ndoo ulikuwa umeishika wewe!”

“Nilikuwa nawaheshimu.” Alisimama, akapangusa suruali. “Fikiria bei. Mvua ikiipiga pale nje, hata hiyo hupati. Na mwambie mzee apone.”

Shamimu aliingia ndani. Fakihi alikuwa bado ameugeukia ukuta, na fulana yake ya kiwanda mwilini, imekunjamana. Aliyasikia yote. Hakugeuka.

“Umesikia anavyotusingizia?” alisema Shamimu kwa mgongo ule. “Umesikia?”

Mgongo haukujibu. Lakini ulikuwa na maandishi. Muda wote huo kila mtu alikuwa akilisoma jani la kifuani. Shamimu hakuwahi kumtazama Fakihi kwa nyuma, kwa sababu Fakihi hakuwa mtu wa kukupa nafasi ya kuona mgongo wake. Chini ya shingo, kwa herufi ndogo, palikuwa na namba ya simu: MAONI NA MALALAMIKO.

“Usitikisike,” Shamimu alimwambia, akachukua simu, akaanza kubonyeza namba moja baada ya nyingine kutoka mgongoni mwa mumewe.

*

Aliyekuja kuitikia simu ile ni mwanamke, na wa umri wa kuweza kuwa mdogo wake Shamimu. Alishuka kwenye gari dogo la kampuni akiwa na viatu vya buti na kofia ngumu ambayo hapa Somanga haikuwa na cha kuikinga ila jua. Jina lake Grace, injinia wa tanuru la kiwanda.

“Shikamoo mama. Ndiye uliyenipigia?”

“Marahaba. Ndiye. Nilisema nawe kwa utulivu, au nilikufokea?”

“Ulinifokea.”

“Basi ndiye mimi.”

Grace alifungua gunia, akachota unga, akausugua kati ya vidole. Alitikisa kichwa, lakini bila dharau. “Mawe mazuri haya mama. Hayana mchanga. Na mliyachoma vizuri. Inauma.”

“Inakuuma wewe?”

“Na mimi pia.” Alichuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, na Shamimu, kwa kuwa mgeni amechuchumaa, akachuchumaa naye. “Sisi tunayeyusha chuma chakavu. Kikiyeyuka kina uchafu wake. Chokaa ndiyo inayoukamata, unaelea juu kama povu la nyama kwenye sufuria, tunauengua. Zamani tulikuwa tunanunua chokaa yoyote, ilimradi rahisi. Nusu mbichi, nusu mchanga. Ukitia hiyo, lazima utie nyingi. Umeme unaliwa, matofali ya tanuru yanaliwa, na uchafu tunaoutupa umekuwa mlima, wakazi wanalalamika. Mimi ndiye niliyewaambia wakubwa tuchague. Chokaa iliyoiva, na jiwe kidogo lenye magnesiamu, ili tanuru lisijile lenyewe. Umeme utapungua, taka zitapungua. Ndiyo tukaja pwani huku.”

“Na maji?”

“Maji ni hatari mama. Mle ndani chuma kimekuwa uji. Chokaa yenye maji ikiingia, inalipuka kwenye nyuso za watu. Lile geti lisingeikataa, angeungua mtoto wa mtu.”

 Shamimu alilielewa hilo palepale. Amekaa na chokaa maisha yake yote, anajua inachoweza kufanya kwenye uso wa mtu.

“Sasa hilo,” alisema, “ni nani aliyekuwa na kazi ya kuja kuniambia mimi?”

“Nilimwambia Dominick. Kwa mdomo wangu. Mabonge, makavu, yasiguswe na tone.”

“Yeye alituambia mkoko usiguswe. Tone hakulitaja.”

Grace alisimama kunyoosha miguu, na ndipo akaona shamba nyuma ya nyumba. Visiki vilikuwa bado vibichi, vinatoa utomvu. Alitembea mpaka pale, akatazama kushoto na kulia, sura ikabadilika. Akatoa simu.

“Mama, hii mmekata kwa ajili ya tanuu?”

“Ndiyo.”

“Mikorosho hai?”

“Ilikuwa hai.”

“Mungu wangu. Mradi hauruhusu ukataji wa miti. Itabidi nipige picha niweke kwenye ripoti, wakubwa lazima wajue kwamba wachomaji…”

“Kwamba wachomaji nini?”

Sauti ya Shamimu haikupanda. Ilishuka, na Grace akaishusha simu pamoja nayo.

“Malizia. Kwamba wachomaji wanaharibu dunia? Andika. Andika na jina langu, Shamimu binti Hussen, usije ukalikosea. Mlisema mkoko wa serikali usiguswe, sikuugusa. Mlisema msitu usiguswe, sikuugusa. Nikauliza nichomee nini, mtu wenu akaniambia nitajua mwenyewe. Nikajua mwenyewe! Nikaingia kwenye cha kwangu, nilichoachiwa na marehemu baba yangu, nikakitia moto ili nyinyi mkae Dar mjisifu mnapika chuma kisafi. Sasa na visiki vyangu navyo ni kosa? Mnavaa majani kifuani, sisi ndio tunaoyachoma yale ya kweli, halafu mnakuja na simu kutupiga picha? Piga. Lakini geuka kwanza upige na yale magunia. Halafu mpige na mume wangu, yuko ndani kageukia ukuta. Weka picha zote tatu, uwaambie wakubwa hizo ndizo gharama.”

 Grace akaitia simu mfukoni.

“Sikujua, mama,” alisema.

“Hakuna anayejua. Nyote hamjui, na hasara inaijua nyumba yangu peke yake.”

Injinia alitazama chini, akaonekana kufikiri kwa lugha ya kazini kwake, kisha akaitafuta ya kibinadamu. “Nisikilize. Kampuni ina kanuni. Mzigo ukishapokelewa na wakala wetu hukuhuku, ni wa kwetu. Ukiharibika, tumeharibikiwa sisi. Kama Dominick aliipokea chokaa hii, kwa namna mnavyopokezana nyinyi, nitasimamia mlipwe yote, na nitatafuta mtu awafundishe kuchomea maganda ya korosho, yapo yanatupwa viwandani. Lakini kama alikataza maji nanyi mkamwaga wenyewe, mikono yangu imefungwa. Nahitaji nisikie mbele ya watu.”

“Watu wapo,” alisema Shamimu. “Ua ulijaa.”

*

Kesho yake walikutana kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Mtendaji, Bwana Abdulwahab, alitoa kiti kimoja kwa injinia, kingine akakalia mwenyewe, waliobaki wakasimama. Fakihi alikuwa amepona homa, au alikuwa ametolewa nayo kitandani. Alivaa kanzu. Fulana ya jani aliiacha nyumbani.

Dominick alifika wa mwisho, amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka viganjani kama bwana harusi, na joto lenyewe lilikuwa la kuvua ngozi. Alisalimia kila mtu kwa jina. Akaanza kusimulia, na lazima isemwe, alisimulia vizuri. Mikono ilipanda na kushuka. Aliigiza sauti ya Fakihi, watu wakacheka. Aliigiza hata mbuzi.

“Mheshimiwa mtendaji, injinia wangu, wazazi wangu. Nilifika asubuhi. Mzee Fakihi huyu, ninayemheshimu, akaniletea ndoo. Nikamwambia, shemeji, hapana! Hii ni chokaa ya chuma, maji ni sumu. Akaniambia, kijana, usinifundishe kazi. Nikamwambia mara ya pili. Nikaiweka ndoo chini, hivi. Nikarudi nyuma, nikasimama kule kwenye lori, nimekunja mikono, naumia rohoni. Nikaona wenyewe wanamwaga. Ningefanya nini? Nipigane na wakwe zangu? Injinia, mimi ndiye wa kwanza kuhuzunika.”

“Uongo!” alisema Fakihi, sauti ikamkauka. “Nilikupa ndoo, ukaimwaga!”

“Mzee wangu, hasira ni haki yako.”

“Aliimwaga,” alisema Shamimu. “Aliimwaga akasema tumempa heshima.”

“Shemeji, mke na mume ni mdomo mmoja. Tupate mdomo mwingine.”

Mtendaji akawageukia watu. Baraza lilijaa waliokuwapo siku ile, na ghafla hakuna aliyekuwapo. Kijana wa kwanza wa kupakia alisema yeye alikuwa upande wa pili wa lori. Wa pili alisema mvuke ulikuwa mwingi. Wa tatu alisema alimwona mtu ana ndoo, ila ndoo zote zinafanana. Saad wa dukani alikuwa akimtazama mbuzi. Jioni iliyotangulia Dominick alikuwa amewapitia vijana wale mmoja mmoja, akawaambia kiwanda kitahitaji wapakiaji kuanzia hapa mpaka Kipatimu na kwamba yeye ndiye atakayechagua majina. Shamimu aliwatazama usoni, kila mmoja, watoto aliowapakulia wali kwa mkono wake. Walitazama miguu yao. Hata hasira ilimwishia. Kilichobaki kilikuwa kizito kuliko hasira.

Grace alifunga mkoba wake, polepole, kwa aibu, akautia begani.

“Yupo mama yangu mdogo,” alisema Dominick, ameshashinda, anaongeza ya juu. “Alikuwapo. Mtu mzima, Mkristo safi, hawezi kusema uongo. Mama mdogo, hebu njoo. Waambie tu.”

Brigita alikuwa amekaa kwenye ngazi na beseni lake la vitumbua. Bati la nyumba yake alikuwa ameletewa na Dominick Krismasi iliyopita, na kijiji kizima kililijua bati lile kwa idadi ya misumari, kwa sababu alilisifu kila asubuhi akiuza. Alisimama kwa shida, akishika goti.

“Niseme nini, mwanangu?”

“Nilichofanya. Kwamba sikugusa maji.”

Brigita alimtazama. Kisha akamtazama Shamimu, ambaye hakumwomba kitu. Alikuwa amesimama tu, mikono imelala ubavuni, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu ya mwenzake.

“Mtendaji,” alisema Brigita, “siku ile nilipiga vigelegele. Nyote mlinisikia, hata hawa ambao siku hizi ni viziwi. Sasa kama mwanangu alikuwa kule kwenye lori amekunja mikono, mimi vile vigelegele nilikuwa nampigia nani? Mbuzi?”

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

“Mama mdogo, umri umekwenda,” alisema Dominick upesi. “Unachanganya. Labda ulikuwa unawapigia…”

“Umri umekwenda, ndiyo. Lakini ulikuja kwangu jioni ile unalia kama mtoto, chokaa imekurukia, hukutaka watu wa mjini wajue wakala wa chokaa kaunguzwa na chokaa.” Aliweka beseni chini. “Kunja shati, Domi. Mkono wa kulia. Mafuta ya nazi nilikupaka mimi mwenyewe.”

 Grace akautoa mkoba begani, akauweka tena chini.

Dominick hakukunja. Aliuvuta mkono wa shati kwenda mbele, ukazidi kushuka, mpaka ukamfunika vidole.